Kukabidhi mradi wa video bila kukabidhi kila alichosema Bibi

Kazi nyingi ninazohariri hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, haziishii kwangu. Mimi naipanga hadithi na kuikata, mwenzangu wa Dar es Salaam anarekebisha rangi na sauti, kisha shirika lililotoa fedha linabaki na mradi ili mwakani liweze kutoa toleo jingine. Ujumbe unaoingia kwenye simu ni uleule kila mara: "Kaka, nitumie projekti yote." Situmi yote. Natuma kilichotumika, na hapa naeleza kwa nini na ninavyofanya, maana vijana wengi wa fani hii wananakili folda nzima kwenye diski ya nje na kuyaita hayo makabidhiano.

Sababu inayotajwa zaidi ni ukubwa, nayo ni ya kweli. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa moja, na hakuna bando la kupandisha mzigo huo kila wiki. Lakini ukubwa ni suala la fedha tu. Ukinunua diski kubwa zaidi, ukaipeleka Dar kwa treni, limekwisha. Kinachonifanya nihangaike ni watu waliomo kwenye picha.

Chukua filamu niliyohariri kuhusu matuta na maji ya Uluguru. Huwezi kuzungumzia matuta na wazee wa huku bila kufika mwaka 1955 kule Matombo, watu walipokataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta, ikafika hadi mtu kuuawa. Na ukishagusa ardhi umegusa ukoo, kwa kuwa kwa Waluguru urithi wa ardhi hufuata upande wa mama. Bibi mmoja alinieleza hayo yote vizuri sana, kisha akaingia kwenye shamba fulani, mpaka fulani, na jina la jirani anayeudai. Akanyamaza, akanitazama. "Mjukuu wangu, hayo ya mpaka usiyatoe. Hayo ni yetu." Kwenye filamu Bibi anazungumza kwa muda usiofika dakika moja. Faili lake lina zaidi ya nusu saa. Nikilituma faili hilo, nimeyatoa.

Sheria nayo imeshafika hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa. Lakini hata bila sheria, ahadi niliyompa Bibi kibarazani kwake ni ahadi.

Tatizo ni kwamba programu ya kuhariri haijui ahadi. Inaposema "media iliyotumika", mara nyingi inamaanisha faili ambalo ndani yake kuna kipande kilichotumika. Ukichukua sekunde ishirini za Bibi, inanakili nusu saa ya Bibi. Unaona GB zimepungua, unadhani umemaliza.

Mimi natumia DaVinci Resolve. Kwanza naacha mradi wenyewe kama ulivyo, nafungua mpya usio na kitu, kisha naingiza humo taimulaini ya mwisho peke yake. Njia rahisi ni kuitoa taimulaini kama faili la .drt na kuliingiza kwenye mradi mpya. Inakuja na klipu zake tu, na mamia ya klipu nyingine ambazo hazikuguswa zinabaki nyuma, pamoja na majina yake na vijipicha vyake. Ukiuhamisha mradi wa zamani, anayepokea ataona orodha ya kila ulichorekodi, hata kama hawezi kukifungua.

Baada ya hapo nakwenda menyu ya File, kwenye Media Management, nachagua upande wa Timelines. Kuna kunakili, kuhamisha na kubadilisha. Kunakili na kukata kunaonekana ndiko kunakofaa, lakini hapo ndipo pa kuwa macho. Video za H.264 na H.265, ambazo ndizo kamera zetu nyingi na simu zetu zote zinatoa, huhifadhi fremu moja nzima, kisha fremu zinazofuata hubeba mabadiliko tu kutoka kwa jirani zao. Huwezi kukata katikati yake popote utakapo bila kuitengeneza upya, na programu isipoweza kukata, inachukua faili zima. Kwa hiyo nachagua Transcode: kubadilisha vilivyotumika na kukata, kwa DNxHR HQ. Ubora unabaki kwa ajili ya mtu wa rangi, na kila fremu inajitegemea. Ukubwa unavumilika. Filamu ya dakika 20 kwa HD ya fremu 25, ambayo hutumia takriban megabiti 185 kwa sekunde, inakuwa kama GB 28.

Vipo vitu viwili kwenye dirisha lile vinavyohitaji utulivu. Cha kwanza ni mikia, yaani fremu za ziada zinazoachwa kabla na baada ya kila kipande ili mwenzako aweze kusogeza mkato au kuweka mpito. Fremu 24 ni kama sekunde moja, na inatosha. Wapo wanaoweka 250 kwa ukarimu. Hizo ni sekunde kumi kila upande, na ndani ya sekunde kumi jina la jirani linatajwa likaisha. Cha pili ni kisanduku cha kuunganisha vipande vya klipu moja kuwa faili moja. Nakiacha bila alama. Ukikiwasha, na umetumia maneno ya mwanzo na ya mwisho ya mahojiano, unabeba na yote ya katikati. Kwa Bibi, ya mpaka yalikuwa katikati.

Hii haimaanishi kumbana mhariri mwenzako. Picha za kujazia, kama ukungu wa asubuhi mlimani, maji, migomba au mikono inayolima isiyoonyesha sura, nampa nzima nzima katika folda ya pembeni. Akitaka kubadilisha picha ya mto, ana mto wa kutosha. Ndani ya folda hiyo natenganisha klipu kwa kadi za kamera, kwa sababu Sony huita klipu ya kwanza C0001 na ukifomati kadi inaweza kuanza tena C0001. Zikichanganywa, programu inaunganisha ngoma mahali pa mazishi.

Kwa Premiere Pro, kazi hiyo inafanywa na Project Manager. Kukusanya na kunakili kunabeba faili zima. Kukusanya na kubadilisha ndiko kunakokata, na kitufe cha Calculate kinakuonyesha ukubwa kabla hujaanza. Lakini Project Manager haibebi fonti wala kompozisheni za After Effects zilizounganishwa moja kwa moja, kwa hiyo weka hizo mwenyewe.

Sauti zina tabia yake. Kama ulirekodi kwa kinasa cha pembeni, faili la WAV linaweza kuwa limefuata video kimyakimya likiwa refu kama lilivyozaliwa. Hivyo nafungua folda ya makabidhiano kwa VLC, nje kabisa ya programu ya kuhariri, na kusikiliza kila faili la mahojiano toka mwanzo hadi mwisho. Ni vipande vifupi, haichukui muda. Nasoma pia alama na maelezo yaliyobaki kwenye taimulaini, kwa sababu huwa tunaandika humo mambo ambayo hatungeyasema mbele ya mhusika.

Diski naifomati kwa exFAT, isomeke kwa Windows na kwa Mac. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ndani naweka nakala ya filamu ya kutazama yenye taimukodi juu yake, fonti, vibali vya muziki, na faili la maandishi linaloitwa SOMA KWANZA: toleo la programu, fremu kwa sekunde, tahajia ya majina ya watu na ya vijiji. Kisha naifungua kwenye kompyuta nyingine. Kwenye mashine yangu kila kitu kitafunguka hata kama nusu ya faili haipo, kwa sababu mradi bado unajua njia ya kwenda kwenye faili za zamani. Kibao chekundu cha Media Offline kikitokea Bigwa ni kazi ya dakika chache. Kikitokea Dar ni simu za siku nzima.

Faili asili zinabaki kwangu, kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja. Anayehitaji zaidi anitajie klipu, na mimi nitapanda mlimani kwa Bibi kumuuliza.

Ombi langu ni kwa mashirika yanayoagiza kazi hizi. Mnapoandika mkataba, msiandike "picha zote ghafi". Andikeni vilivyotumika pamoja na ziada ya sekunde moja, picha za kujazia zisizo na sura za watu, na ridhaa mpya kwa kila kitakachoongezwa. Mhariri atawapa mradi unaofunguka, na watu wa milimani watakubali kukaa tena mbele ya kamera mtakaporudi.