Picha za usiku Mwanza: fuata kalenda ya wavuvi wa dagaa

Ukitaka kujua utoke na kamera usiku gani, usihangaike kwanza na programu za simu. Muulize mvuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mpevu taa zake hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika mwaloni. Giza likirudi, ziwa mbele ya Igombe na Kayenze huwaka taa utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Giza hilohilo ndilo linalotoa nyota.

Picha hizi hupatikana kwa kuiacha kamera ikiingiza mwanga kwa sekunde kadhaa, hata 30, badala ya kufumba na kufumbua. Kilichotulia hutoka wazi. Kinachosogea huacha alama. Kwa hiyo kamera isishikwe mkononi. Kama huna tripodi, mfuko wa mchele juu ya jiwe unatosha, na mawe Mwanza hatujawahi kupungukiwa. Weka kamera ichelewe sekunde 2 baada ya kubonyeza, maana hata kidole huitikisa. Flashi izime, itamulika wadudu wa ziwani tu. Simu nyingi za sasa nazo zina sehemu ya Pro ya kuchagulia sekunde.

Anza na Jiwe la Bismarck, lile lililopewa jina la kansela wa Ujerumani. Huku kwetu jua huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni, kutegemea wakati wa mwaka, na giza haliombi hodi: una kama dakika 20 hivi ambazo anga ni buluu iliyokolea na taa za mjini zimeshawaka. Fika mapema. Jaribu ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, sekunde 10. Picha ikiwa nyeusi ongeza sekunde, ISO iache ilipo. Mawimbi yatalainika mpaka jiwe lionekane limeketi juu ya ukungu.

Kwenye taa za dagaa wengi huharibu. Mtumbwi hauachi kuyumba, na ukiuachia sekunde 30 kila taa inageuka mnyoo. Zipo picha za namna hiyo zinazosifiwa. Mimi nazipenda taa zikiwa nukta. Fungua tundu hadi mwisho, pandisha ISO mpaka 1600 au 3200, kisha tumia sekunde 1 hadi 3. Fokasi ya kujiendesha hupotea gizani, hivyo iweke kwa mkono: kuza taa moja ya mbali kwenye kioo, zungusha lenzi mpaka taa hiyo iwe ndogo kabisa.

Nyota zina hesabu yake. Kanuni inayofundishwa sana ni kugawanya 500 kwa milimita za lenzi: lenzi ya 24 hupata sekunde 20 hivi kabla nyota hazijaanza kuburuzika. Lakini Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa Ikweta, na nyota zinazopita utosini kwetu ndizo zinazokimbia kuliko zote, nyuzi 15 kwa saa. Chukua nusu ya hesabu hiyo. Zile duara za nyota zinazoizunguka Nyota ya Kaskazini usizitafute hapa, nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho. Tulicho nacho ni Njia Nyeupe, ambayo Juni hadi Agosti hupita juu kabisa ya kichwa. Taa za mji huififisha. Ukiweza, vuka kwenda Ukerewe.

Sasa usalama. Usiingie majini kutafuta pembe nzuri: kuna kichocho, na kiboko hutoka kula majani usiku. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku wa manane hadi alfajiri, kwa hiyo ukiona radi hata ya mbali, kunja tripodi uondoke. Karibu na bandari au kivuko, zungumza na mlinzi kabla hujatoa kamera. Mwaloni, jitambulishe kwa viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, na uwe na mwenyeji.

Na tochi yako ielekeze chini. Mvuvi anayerudi saa 11 alfajiri anatafuta pa kuegesha mtumbwi, usimmulike machoni.