SOMO: DISKI NGUMU NA KADI YAKE

Ndugu Katibu,

Chama kikiwa na kompyuta ya zamani stoo, huenda ndani yake mna hesabu za wanachama ambazo hazikupata kuchapwa kwenye karatasi. Hesabu hizo zaweza kupotea hata kama diski ni nzima, kwa sababu ya kadi inayoiunganisha diski na kompyuta.

IBM PC ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na diski ngumu. PC XT ya mwaka 1983 ndiyo iliyokuja na diski ya megabaiti 10. Diski za wakati huo hazikuweza kujiendesha. Ziliendeshwa na kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta, na baina yao zilipita nyaya mbili bapa, mmoja wa pini 34 na mwingine wa pini 20. Utaratibu huu ulitokana na diski ya Seagate ST-506 ya mwaka 1980, na watengenezaji wengi wakaufuata. Hivyo kadi ya kampuni moja huingiana na diski ya kampuni nyingine bila taabu. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Kadi ndiyo iliyoamua namna ya kuandika juu ya diski. Kadi za MFM ziligawa kila mzingo wa diski katika sehemu 17. Kadi za RLL, kwa kawaida, sehemu 26. Kadi ya MFM haiwezi kusoma yaliyoandikwa kwa RLL. Hata kadi mbili za MFM, zikiwa za makampuni tofauti, mara nyingi hazisomeani, maana kila moja ina alama zake za kutambulisha sehemu hizo. Ni sawa na karani aliyeandika leja kwa hati mkato aliyoitunga mwenyewe, kisha akahama.

Fundi asiyejua haya huona diski haisomeki, akashauri iandaliwe upya. Ikishaandaliwa itafanya kazi vizuri sana, nayo itakuwa tupu. Katibu asikubali ushauri huo kabla kadi ya awali haijatafutwa.

Katika PC AT ya mwaka 1984 kuna jambo jingine. Kompyuta yenyewe hukumbuka nambari ya aina ya diski kwa nguvu ya betri ndogo. Betri ikifa nambari husahaulika, na diski huonekana imekufa, kumbe yatosha kuweka betri mpya na kuiingiza nambari tena. Iandikwe basi kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kifuniko.

Diski za IDE, zilizoenea mwishoni mwa miaka ya 1980, zilibeba kidhibiti chao zenyewe na kutumia waya mmoja wa pini 40, na matatizo haya yakapungua mno. Ukikuta nyaya mbili, usitenganishe chochote. Kompyuta ikiwa bado inawaka, hesabu zinakiliwe na kuchapwa kwanza. Ikiwa haiwaki, diski, kadi na nyaya zake zitolewe pamoja, zifungwe katika boksi moja, na boksi liandikwe jina la chama.