Mwandishi wa Hisabu na Amana Yake

Baada ya darasa iliyopita tuliulizwa suala na kijana afanyaye kazi katika ofisi ndogo ya wahasibu. Mfanyabiashara mmoja (hakumtaja jina, na vyema alivyofanya) amtaka amwandikie hisabu mbili za mwaka mmoja: moja yenye faida kubwa, aionyeshe benki apate kukopeshwa, na ya pili yenye faida ndogo, ipelekwe kwa watoza kodi. Akikataa, mteja atachukua madaftari yake aende kwengine, na ijara ya ofisi yatoka kwa mteja huyo. Je, dhambi ni ya nani?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo yahusu deni na kuandikwa kwake. Humo mwandishi ameamrishwa uadilifu. Na mdaiwa, ambaye ndiye amsomeshaye mwandishi, amekatazwa kupunguza chochote. Basi mwandishi ajuaye uwongo akauandika ni mshirika. Hawezi kusema, "Mimi ni kalamu tu". Kalamu hailipwi mshahara.

Atasema mtu kwamba kodi ya serikali si deni la kisharia. Mjadala huo twaujua, nao ni mrefu. Walakini karatasi iliyotiwa sahihi ni ushahidi, na ushahidi wa uwongo hauna mjadala. Tena hiyo hisabu ya benki, nayo yapunguza kodi ya nani?

Wahasibu wenyewe wana kanuni zao za maadili, zenye misingi mitano, na wa kwanza ni ukweli na uaminifu. Kanuni hizo zakiri kwamba khofu ya kumpoteza mteja mkubwa yaweza kumpotosha mhasibu. Katika ofisi kubwa mmoja huandika na mwengine hukagua. Katika ofisi ndogo mara nyingi mkono ni ule ule, na hapana jicho la pili ila la Mola.

Lakini aya hiyo ina jambo tulipitalo mbio: mwandishi asidhuriwe. Mfanyabiashara amtishaye mhasibu kwa riziki yake amemdhuru, hata akiwa ni mtu wa safu ya mbele msikitini.

Kijana tulimwambia aandike hisabu moja, ya kweli, na ampelekee mteja wake kwa adabu na kwa faragha. Huenda akaondoka. Katika darasa yetu wamo wenye maduka. Nao tumewaomba, kabla mwezi haujesha, wampelekee kijana huyo madaftari yao.