Uchaguzi Pasipo Kuchagua

Soma kwanza: Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 21, mstari wa 1 hata wa 16.

Wasomaji wapendwa, habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu twaijua tangu utoto wetu. Lakini tukiisoma upesi, jambo moja latupita. Yezebeli hakumtuma mtu mwenye upanga usiku. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri. Watu wakatangaziwa kufunga, mkutano ukakusanyika, na mashahidi wawili wakasimama kama torati ilivyotaka. Hukumu ile ilikuwa na umbo lote la haki, wala haki haikuwamo ndani yake. Tena wazee wa mji, waliomjua Nabothi, walitenda kama walivyoandikiwa.

Dhuluma ya namna hii haikukoma siku za Ahabu. Katika somo hili tuangalie jinsi ilivyotendeka Ujerumani mwaka 1933, katika nchi ya Luther mwenyewe, walikotoka wamisionari wengi walioleta Injili Usambara, Uchaga na Buhaya.

1. Jinsi mlango ulivyofungwa

Tarehe 30 Januari 1933 Rais Hindenburg alimweka Adolf Hitler kuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali. Chama chake kilikuwa kikubwa kuliko vingine katika baraza la nchi, lakini hakikuwa na nusu ya viti. Mara ukaitishwa uchaguzi mpya, uwe tarehe 5 Machi.

Usiku wa tarehe 27 Februari nyumba ya baraza huko Berlin, iitwayo Reichstag, ilishika moto. Kijana mmoja Mholanzi alikamatwa humo ndani. Siku ya pili yake ikatolewa amri, ikisemwa kwamba ni ya kuilinda nchi na Wakomunisti. Uhuru wa kusema, wa kuandika magazeti na wa kukutana ukaondolewa, na mtu aliweza kufungwa pasipo kupelekwa mbele ya hakimu. Maelfu ya Wakomunisti wakakamatwa. Magazeti yao na ya Wasoshalisti yakazuiwa. Nao uchaguzi ukafanyika siku ile ile iliyowekwa.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Chama cha Wakomunisti hakikufutwa katika karatasi za kura. Watu waliachwa wakipigie, nacho kikapata viti 81. Lakini katika wale 81 hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kukaa kitini pake. Na pamoja na vitisho vyote, chama cha Hitler kilipata kura zipatazo 44 tu katika kila 100, yaani viti 288 katika 647. Zaidi ya nusu ya wapigaji kura walikuwa wamechagua vyama vingine.

Tarehe 23 Machi baraza likakusanyika katika jumba la Kroll, lililokuwa la maonyesho ya muziki, nao askari wa chama walisimama milangoni na ndani. Likaletwa shauri kwamba serikali ipewe mamlaka ya kutunga sheria pasipo baraza. Wasoshalisti wa Kidemokrasia peke yao walikataa. Walikuwa wamechaguliwa 120. Siku hiyo walihudhuria 94, maana wengine wengi walikuwa wamefungwa au wamekimbia. Kiongozi wao Otto Wels alisimama mbele ya askari wale, akanena kwamba uhuru wao na uhai wao waweza kuchukuliwa, bali heshima yao haichukuliki. Vyama vingine, pamoja na chama cha Wakatoliki, vilitumaini ahadi za Kansela, vikakubali. Kura zikawa 444 kwa 94.

Baada ya hapo kazi ilikwenda upesi. Tarehe 22 Juni Wasoshalisti wakapigwa marufuku. Vile vyama vilivyokubali mwezi wa Machi navyo vikavunjika kimoja kimoja. Cha Wakatoliki kilijivunja tarehe 5 Julai. Tarehe 14 Julai ikatoka sheria kwamba chama ni kimoja tu katika nchi, na mtu atakayejaribu kuunda kingine atafungwa. Hata tarehe 12 Novemba watu wakaitwa tena kulichagua baraza. Karatasi ilikuwa na orodha moja na duara moja la kutia alama. Pa kukataa hapakuwapo. Hata wafungwa wa kambi ya Dachau walipigishwa kura. Serikali ikatangaza kwamba watu 92 katika kila 100 wamekubali. Walakini karatasi zaidi ya milioni tatu zilihesabiwa kuwa zimeharibika, maana aliyetaka kukataa hakuachiwa njia nyingine.

2. Hata ndani ya kanisa

Mwezi wa Mei mwaka ule viongozi wa makanisa ya Kiinjili walimchagua Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel awe askofu wa taifa. Jina la Bethel ni jina la karibu nasi, kwa kuwa misioni ya Bethel ilifanya kazi Usambara na Buhaya. Lakini Hitler na wafuasi wake walimtaka mtu wao. Serikali ikaweka msimamizi wake juu ya kanisa la Prussia, naye Bodelschwingh akajiuzulu mwezi wa Juni.

Kisha uchaguzi wa kanisa ukaitishwa kwa haraka, uwe tarehe 23 Julai. Wafuasi wa Hitler, waliojiita Wakristo wa Kijerumani, walisaidiwa na chama chenye kutawala. Waliowapinga walipochapa karatasi zao, polisi wa siri walikuja kuzichukua. Mkesha wa uchaguzi Hitler mwenyewe alinena kwa redio akiwaunga mkono wafuasi wake, nao wakashinda. Mwezi wa Septemba Ludwig Müller, mtu wa Hitler, akafanywa askofu wa taifa huko Wittenberg. Mwezi uo huo sinodi ya Prussia ikakubali sheria ya kuwaondoa katika uchungaji watu wa asili ya Kiyahudi. Tuone jinsi mambo haya yanavyofuatana: mpinzani alipoondolewa barazani, aliye dhaifu alibaki bila mtetezi.

Martin Niemöller, mchungaji wa Berlin, alikuwa amekipigia kura chama cha Hitler. Sasa aliwakusanya wachungaji wenzake wasimame pamoja nao walioonewa. Mei 1934 wajumbe wa makanisa walikutana Barmen, wakakiri kwamba kanisa lina Bwana mmoja, Yesu Kristo. Niemöller alikamatwa mwaka 1937, akakaa kifungoni hata vita ilipokwisha mwaka 1945. Oktoba mwaka huo yeye na viongozi wengine walikutana Stuttgart, wakaungama mbele ya wageni wa makanisa ya nchi nyingine kwamba hawakushuhudia kwa ujasiri uliowapasa.

3. Mafundisho kwetu

Kwanza, muhuri haugeuzi uovu kuwa haki. Barua za Yezebeli zilikuwa na muhuri, na amri za mwaka 1933 zilikuwa na sahihi. Mtu akituambia, uchaguzi umefanyika, yatupasa tuulize: Ni nani aliyezuiwa kusimama? Ni nani aliyefungwa kabla ya siku yenyewe?

Pili, wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wakristo wengi hawakuhuzunika Wakomunisti walipofungwa, kwa kuwa watu wale walimkana Mungu. Lakini wembe ule ule uliwafikia Wasoshalisti, kisha Wakatoliki, kisha wachungaji. Na toka amri ya Februari hata sheria ya chama kimoja haikutimia miezi mitano. Kumtetea mtu apate kusikiwa si kuyakubali maneno yake.

Tatu, Nabothi aliuawa kwa mikono ya watu wadogo: mzee aliyekaa barazani, shahidi aliyenena, aliyeokota jiwe. Hata leo mtawala hawezi kumfungia mpinzani mlango peke yake. Ahitaji karani wa kuikataa fomu, hakimu wa kutia sahihi, na mchungaji wa kunyamaza. Wengi wa watu hao huketi katika madawati ya makanisa.

Twafundishwa kuitii mamlaka, kama tusomavyo katika Warumi mlango wa 13, na ndivyo itupasavyo. Lakini msiishie mstari wa 16 wa somo letu. Katika mstari wa 17 neno la Bwana lamjia Eliya, naye aenda kumkabili mfalme shambani.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano:
1. Wazee wa mji wa Nabothi wangeweza kufanya nini walipozipokea barua?
2. Kwa nini ni vigumu kumtetea mtu ambaye mawazo yake hatuyapendi?
3. Katika uchaguzi wa wazee wa usharika wetu, je, yupo anayezuiwa kusimama? Kwa sababu gani?