Paa Huandikwa Kabla Halijaezuliwa
Somo kwa wakazi wa kata kuhusu mvua ya mawe, upepo na utunzaji wa nyumba

Ndugu mkazi wa Mbaha,

Mwanzoni mwa Machi 2015, katika Kijiji cha Mwakata, Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, mvua kubwa iliyoambatana na mawe na upepo iliua watu wapatao 40 katika usiku mmoja. Wengi walikutwa na mauti ndani ya nyumba zao, baada ya kuta za udongo kulowa na kuporomoka. Tunalikumbuka tukio hilo kwa sababu linafundisha jambo moja la msingi: paa ndilo mlinzi wa ukuta. Likifunuka, maji huingia vichwani mwa kuta, na nyumba iliyosimama miaka ishirini yaweza kuanguka kabla ya mapambazuko.

Sisi tunaishi kati ya Ziwa Nyasa na safu za milima ya Umatengo. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na ndani yake huja ngurumo, upepo na mara nyingine mawe. Hatuwezi kuzuia mawingu. Tunaweza kufanya mambo mawili: kulitunza paa kabla ya msimu, na kuwa na maandishi yanayoonyesha lilivyokuwa na lilivyoharibiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba ni mali kuliko duka, lakini ni wachache wanaoiandikia daftari.

DAFTARI LA PAA

Chukua daftari la kawaida la shule. Katika ukurasa wa kwanza andika mwaka nyumba ilipoezekwa, idadi ya mabati, geji yake, na fundi aliyeezeka. Kumbuka kwamba kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Bandika risiti za mabati, mbao na misumari. Wino wa risiti hufifia, hivyo nakili bei na tarehe kwa kalamu pembeni yake.

Piga picha za nyumba nzima kutoka pande zote nne, kisha picha za ndani zinazoonyesha kenchi na papi. Mtumie ndugu anayeishi mahali pengine picha hizo, ili simu ikipotea au ikilowa, ushahidi ubaki. Asiye na simu ya picha achore paa lake kwa mkono na kuhesabu mabati ya kila upande. Mwenye nyumba ya nyasi aandike mwaka wa kuezeka na mara ya mwisho alipobadilisha nyasi za kileleni.

Maandishi haya yana kazi gani? Siku ya maafa kila mtu husema paa lake lilikuwa imara, na mkaguzi hana njia ya kupambanua. Mwenye daftari huonyesha. Asiye nalo hubaki akisimulia.

DHORUBA IKISHAPITA

Kwanza ni uhai. Usipande juu ya paa lililolowa, wala usiguse waya wa umeme ulioanguka au bati lililogusana nao. Ukuta ulionyonya maji usiuegemee. Watoe watoto na wazee katika chumba chenye ufa mpya. Palipo na mtu aliyefukiwa, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, huku majirani wakiitwa.

Pili ni kuandika, kabla ya kufagia. Andika tarehe, saa mvua ilipoanza na ilipokatika, na upande upepo ulikotoka. Mawe huyeyuka upesi; weka mawili au matatu kando ya kiberiti au sarafu uyapige picha, ili ukubwa wake ujulikane. Kisha piga picha kwa hatua tatu: nyumba nzima kwa mbali, upande ulioharibika, na jeraha lenyewe kwa karibu. Hesabu mabati yaliyong'oka, yaliyotoboka na yaliyobonyea tu. Bati lililobonyea si lazima livuje leo, lakini pale rangi au zinki ilipopasuka kutu itaanzia hapo, hivyo liandike pia. Usisahau magunia ya mahindi na mpunga yaliyolowa, vyombo na madaftari ya wanafunzi.

Tatu ni kutoa taarifa. Mwone mwenyekiti wa kitongoji, kisha Mtendaji wa Kijiji, naye ataipeleka taarifa kwa Mtendaji wa Kata hadi Halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na kamati hizo hufanya kazi vizuri zinapopokea hesabu, si uvumi. Omba jirani asiye ndugu yako atie saini kama shahidi. Mwenye bima aiarifu kampuni yake mapema na kusoma masharti ya mkataba.

Funika sehemu iliyo wazi kwa turubai bila kungoja ukaguzi, lakini usitupe wala kuuza mabati yaliyochanika mpaka yakaguliwe. Tuelewane pia kwa uwazi: kuandikwa si kulipwa. Msaada wa maafa huwatangulia waliokosa pa kulala na hautoshi kuezeka upya kila nyumba. Ndiyo maana sehemu inayofuata ni muhimu kuliko zote.

KULITUNZA PAA

Upepo haulisukumi paa chini, hulivuta juu. Mvuto huo huwa mkali zaidi kingoni, kwenye pembe na kileleni, kwa hiyo bati la kwanza kung'oka mara nyingi ni la ukingoni, na likishaondoka upepo hupata mlango wa kuyang'oa mengine. Misumari ya kingoni ipigwe karibu karibu kuliko ya katikati. Ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni yanakopita maji. Msumari uliolegea usiurudishe katika tundu lile lile. Piga mwingine mrefu zaidi kando yake, kisha ziba tundu la zamani.

Paa imara ni mnyororo: bati limeshikwa na papi, papi na kenchi, kenchi na ukuta. Kiungo kimoja kikilegea, vingine havisaidii. Hakikisha kenchi zimefungwa kwa waya mnene au ukanda wa chuma ulioingizwa ndani ya ukuta, si kuwekwa juu yake tu. Wengi wetu huweka mawe au magogo juu ya bati ili lisipeperuke. Desturi hiyo ni ya hatari: jiwe hutunza unyevu na kuleta kutu, na upepo ukilishinda, humwangukia aliyelala chini. Paa la baraza nalo ni heri liezekwe peke yake, ili likichukuliwa lisiondoke na paa la nyumba.

Kagua mara mbili kwa mwaka. Mei, mvua zikiisha, ingia ndani mchana, funga milango na madirisha, utazame juu: kila nukta ya mwanga ni tundu. Gonga mbao kwa bisibisi. Inapozama kirahisi, mchwa au uozo umeingia. Matengenezo makubwa yafanywe Juni hadi Agosti, mbao zikiwa kavu na mavuno yameleta fedha mkononi. Oktoba kagua tena misumari, kata matawi ya miembe yanayoelekea paani, na usafishe majani yanayoziba maji.

Msimu ukianza, sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Likitolewa angalizo au tahadhari ya upepo na mvua kubwa, funga madirisha na milango, hasa ya upande upepo unakotoka, kwa maana upepo ukiingia ndani husaidiana na ule wa nje kuliinua paa.

ZOEZI

Kabla ya Jumapili ijayo, kila kaya ifanye mambo matatu: ifungue daftari la paa, ihesabu misumari iliyolegea kwenye mabati ya kingoni, na imfahamu kwa jina mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji chake. Kilo moja ya misumari ni gharama ndogo. Paa zima ni mavuno ya miaka.