Afya ya Mwanachuo: Maswali na Majibu ya Marudio kwa Wanaosoma Karagwe na Kyerwa

Notisi hizi ni za wanachuo waliopanga geto Kayanga na Omurushaka, wanaolala hosteli Nyakahanga, na wale ambao wikiendi hurudi kwao Nkwenda au Kaisho. Mtunga mtihani makini hakuulizi "taja faida 5 za mazoezi". Anakuuliza kwa nini. Majibu yana urefu tofauti kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito, na usingizi umepewa nafasi kubwa kwa makusudi: mtihani ukikaribia, ndio wa kwanza kutolewa kafara.

Swali la 1. Fafanua uhusiano uliopo kati ya usingizi na kukumbuka ulichosoma. (Alama 10)

Jibu: Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi au zaidi kila usiku. Ukiandika tu kwamba usingizi "unapumzisha mwili", msahihishaji atakupa alama 1 na kuendelea na karatasi nyingine. Hoja yenyewe ni hii: ukilala, ubongo hauzimiki. Hurudia na kuimarisha mambo mapya uliyoyapokea mchana, na kuyaweka mahali utakapoyapata kesho.

Mwaka 1924 watafiti Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwakaririsha wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya saa 1, 2, 4 na 8. Wanafunzi haohao, wakilala baada ya kukariri, walikumbuka zaidi sana kuliko wakikaa macho kwa muda uleule. Wawili ni wachache mno kwa utafiti, ni kweli, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha mwelekeo huohuo.

Kwa hiyo anayepiga msuli hadi alfajiri amevuna kahawa mbivu akaiacha mvuani bila kuianika. Ameifanya kazi yote, isipokuwa ile inayohifadhi mavuno. Mfano wa kutoa kwenye mtihani: wanafunzi wawili wamesoma saa 4 kila mmoja, mmoja amezigawa katika jioni mbili akalala kila usiku, mwingine amezimaliza kwa mkupuo usiku wa kuamkia mtihani. Wa kwanza ana nafasi kubwa zaidi ya kukumbuka, ingawa saa zao ni sawa.

Swali la 2. Mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili hutafuna kahawa saa 3 usiku ili asome hadi saa 8. Akipanda kitandani, usingizi hauji. Eleza kinachotokea mwilini mwake na umshauri. (Alama 8)

Jibu: Kahawa inayolimwa kwa wingi Karagwe na Kyerwa ni robusta, na robusta ina kafeini takriban mara mbili ya arabika inayolimwa Kilimanjaro. Kadiri tunavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kuuambia kwamba umechoka. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini, ujumbe usifike. Uchovu uko palepale. Kilichozuiwa ni taarifa yake.

Kwa wastani mwili huchukua saa 5 hivi kuondoa nusu ya kafeini. Aliyetafuna saa 3 usiku, ifikapo saa 8 bado nusu imo. Kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, muda huo unaweza kufika karibu mara mbili. Mwanafunzi wa uuguzi akilitaja hili ataonekana amesoma.

Ushauri: kahawa ya mwisho iwe saa 8 mchana. Hakuna anayekataza kahawa ya kutafuna. Huchumwa ikiwa mbichi, ikachemshwa pamoja na majani ya kunukia, ikakaushwa, na mgeni akiingia nyumbani hupewa punje chache za kuchangamshia mazungumzo. Mzee anayekukaribisha kwa kahawa hajakupa dozi ya kukesha. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya dukani navyo ni kafeini ileile, na sukari nyingi juu yake.

Swali la 3. "Karagwe hakuna njaa, kwa hiyo mwanachuo wa hapa hawezi kupungukiwa damu." Jadili. (Alama 10)

Jibu: Sehemu ya kwanza ya kauli ina ukweli. Sehemu ya pili haifuati. Ndizi hutupa wanga na potasiamu, lakini protini na madini ya chuma ni kidogo sana. Tazama watoto: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta takriban watoto 34 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 mkoani Kagera wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Mkoa uliojaa migomba! Tumbo lililojaa si ushahidi wa lishe.

Bahati nzuri chungu cha kwetu kilishajibu nusu ya swali: ndizi hupikwa pamoja na maharage, na maharage yanaleta protini na chuma. Nusu iliyobaki ni wewe kutoiharibu. Chuma cha kwenye mimea hufyonzwa vizuri kikiambatana na vitamini C, kwa hiyo kula pasheni, chungwa au nanasi pamoja na mlo. Chai na kahawa huzuia ufyonzwaji huo. Zisubirishe saa nzima baada ya kula. Wasichana walizingatie zaidi kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Dagaa, karanga, na senene msimu wake ukifika, vyote vina nafasi kwenye sahani.

Tatizo halisi la geto ni uvivu wa Jumatatu. Maharage yanakula mkaa, na chips ziko hapo nje. Wanaoweza hufanya hivi: Ijumaa usiku maharage yanalowekwa, Jumamosi asubuhi maji yale yanamwagwa na maharage yanachemshwa mara moja kwa wote chumbani, yanapoa, yanagawanywa kwenye vyombo vyenye mifuniko. Mwenye friji anayahifadhi humo. Asiye nayo apike ya siku mbili tu na kuyachemsha upya asubuhi na jioni, maana baridi ya Kayanga haitoshi kuyalinda. Mkungu mnanunua kwa kuchanga. Siku ya kazi kinachobaki ni kumenya ndizi, kukaanga kitunguu na nyanya, na kuchanganya.

Swali la 4. Je, kupanda kilima kwenda chuoni ni mazoezi? (Alama 4)

Jibu: Ndiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kadiri, yaani unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Dakika 25 kwa siku 6 zinatimiza kiwango cha chini, na milima ya Karagwe haikuachi uimbe. Nauli ya bodaboda inayobaki ni ya maharage. Ongeza kazi za misuli siku 2 kwa wiki; ndoo ya maji na jembe vinahesabika.

Swali la 5. Kweli au si kweli: baridi ya Karagwe inazuia malaria. (Alama 3)

Jibu: Si kweli. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na mabonde ya Mto Kagera upande wa Kyerwa yana joto kuliko vilimani. Lala ndani ya neti. Ukipata homa, pima kwanza. Usimalizie dawa ya mseto aliyobakiza mwenzako. Homa si malaria kila mara: virusi vya Marburg vilithibitishwa Bukoba Vijijini Machi 2023 na Biharamulo Januari 2025.

Swali la 6. Tofautisha msongo wa mawazo na sonona, kisha eleza hatua za kuchukua. (Alama 10)

Jibu: Msongo una chanzo unachoweza kukitaja: ada haijakamilika, sapu mbili, mchumba amenyamaza. Chanzo kikipungua, nao hupungua. Sonona hudumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku: huzuni au kutojali hata yale uliyoyapenda, usingizi kuvurugika, chakula kutopanda, akili kutotulia, kujiona huna thamani. Wengine hawalii kabisa; wanakuwa wakali, au wanaacha kuoga.

Hatua ya kwanza ni kumwambia mtu. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianzisha benchi la urafiki: kina bibi wa mtaani waliofunzwa hukaa na mwenye mawazo, humsikiliza, kisha hutatua naye tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba dalili zilipungua kweli, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kwetu wengi wanaye shangazi wa kazi hiyo. Kama hayupo karibu, mwone mlezi wa wanafunzi.

Hatua ya pili ni hospitali. Nyakahanga au Isingiro, fika dirisha la wagonjwa wa nje useme wazi kama unavyosema kichwa kinauma. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure. Mzaha wa "huyu apelekwe Mirembe" uachwe. Unawafanya wagonjwa wanyamaze. Anayesema amechoka kuishi aaminiwe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Swali la 7. Taja mambo 2 yanayodhaniwa kuleta usingizi au nafuu lakini yanauharibu. (Alama 4)

Jibu: (a) Rubisi. Pombe hukulaza haraka, kisha hukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Gongo ni hatari zaidi, maana hakuna anayejua kilichomo. (b) Bando la usiku. Bei yake ni nafuu kwa sababu wengi wamelala, nawe unalipa tofauti kwa usingizi wako. Hapo ndipo pia mikeka ya kubeti huchanwa kwa hela ya ada.

Swali la 8. Orodhesha maandalizi ya usiku wa kuamkia mtihani. (Alama 3)

Jibu: Funga daftari saa 3 usiku. Simu ichajiwe mbali na kitanda, umeme ukiwepo. Kitambulisho na kalamu 2 viwe mfukoni tayari. Asubuhi kula kitu kinachokaa tumboni, kiporo cha ndizi na maharage kilichopashwa hadi kikachemka kinatosha, na utoke mapema, maana mvua ya asubuhi ikianza bodaboda zote hupotea.