Gari Likichemsha Njiani: Usikimbilie Kufungua Rejeta

Mshale wa joto unaweza kufika kwenye alama nyekundu kati ya Lunga Lunga na Jego, jua likiwa kali na fundi akiwa mbali. Madereva wengi hukimbilia kufungua kifuniko cha rejeta, na hapo ndipo watu huungua uso na mikono.

Maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100. Ndani ya rejeta yamebanwa na kifuniko, hivyo yanaweza kufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, shinikizo hutoka ghafla na maji hufoka pamoja na mvuke.

Hatua za kufuata

1. Zima kiyoyozi, egesha kando ya barabara, zima injini na uweke pembetatu za tahadhari. Abiria washuke upande usio na magari.
2. Subiri angalau nusu saa. Usimwagie injini maji baridi, kwani chuma chenye moto kinaweza kupasuka.
3. Rejeta ikipoa kiasi cha kushikika, funika kifuniko kwa kitambaa kizito na ukilegeze polepole, uso ukiwa mbali.
4. Ongeza maji kidogo kidogo, huku ukitazama kama yanavuja.

Kutambua kasoro

Mshale ukiruka hadi mwisho mara tu ufunguo unapowashwa, injini ikiwa baridi, huenda kasoro iko kwenye sensa au waya. Hata hivyo, mshale ukipanda safarini, simama kwanza, uchunguzi ufuate.

Joto likipanda kwenye foleni ya feri Likoni na kushuka gari likienda, kagua feni. Likipanda gari likiwa kasi au mlimani, huenda maji yamepungua, rejeta imeziba, au pampu ya maji imechoka. Maji yakipungua bila tone chini, moshi ukawa mweupe na oili ikafanana na chai ya maziwa, gasketi ya hedi huenda imeungua. Gari hilo livutwe hadi kwa fundi, lisiendeshwe.

Baadhi ya mafundi hung'oa thamostati ili gari "lisichemshe tena". Hiyo si tiba. Injini itachelewa kupata joto lake, itakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na kasoro yenyewe itabaki.

Maji ya kutumia

Maji ya bahari, au ya kisima chenye chumvi kama vilivyo vingi ukanda wa pwani, hutia kutu na kuziba rejeta. Kwa dharura tumia maji ya mvua au ya kunywa, kisha mwambie fundi aweke kulanti inayofaa gari lako. Kulanti huzuia kutu na ni sumu, hivyo watoto na mifugo wasiikaribie.

Mtu akiungua

Mwagia jeraha maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Vua pete na saa mapema, funika kwa kitambaa safi, kisha mkimbize kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Msambweni, hasa akiungua uso au macho.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kagua maji, oili na mkanda wa feni. Beba pia dumu la lita 5 la maji safi.